Bawasiri na Matatizo ya Tumbo: Jinsi ya Kutumia Dawa za Ayurveda kwa Usalama

Bawasiri ni maradhi yanayoumiza watu kimyakimya. Mtu huumwa miezi mingi, hukalia upande mmoja wa kiti, huogopa kwenda chooni, na hamwambii hata mwenzake wa ndoa. Kwa sababu ya aibu hiyo wengi huanzia dukani badala ya hospitalini: kwenye duka la viungo la Marikiti au Kisutu, kwa muuza dawa za asili wa Kariakoo, au kwenye tangazo la simu linaloahidi kukausha kinyama ndani ya siku chache. Nyingi ya dawa wanazorudi nazo nyumbani zimetoka India, na juu ya kopo zimeandikwa kwamba ni za Ayurveda.

Mwongozo huu haukunyimi dawa hizo. Baadhi yake zina faida iliyopimwa, na nyingine ni viungo ambavyo tayari unavyo jikoni. Lakini zimo pia zenye sumu, na zimo ambazo haziendani na dawa unazomeza kila siku. Shika kanuni mbili na uzifuate bila kulegeza: usimeze dawa ambayo hujui kilichomo, na usitibu damu ambayo hujui inakotoka.

Jua kwanza unatibu nini

Kila mtu ana mito laini yenye mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kusaidia kuziba njia hiyo ili choo na hewa visitoke ovyo. Mito hiyo ikivimba na kushuka, ndipo tunasema mtu ana bawasiri. Chanzo kikubwa ni kukamua choo kigumu, kukaa chooni muda mrefu, ujauzito, na kuharisha kusikokwisha.

Bawasiri ya ndani mara nyingi haiumi. Huonyesha damu nyekundu mbichi kwenye maji ya choo au kwenye karatasi. Madaktari huigawa katika daraja 4. Ya 1 hutoa damu lakini haitokezi nje. Ya 2 hutokeza unapojisaidia na kurudi yenyewe. Ya 3 hairudi mpaka uisukume kwa kidole. Ya 4 hairudi kabisa. Bawasiri ya nje huwasha na kuuma, na damu ikiganda ndani yake hutokea uvimbe mgumu wa rangi ya zambarau wenye maumivu makali kwa siku kadhaa.

Daraja unazihitaji ili ujue dawa ya kunywa inaweza kufika wapi. Daraja la 1 na la 2 hutulia vizuri kwa chakula, maji na dawa za kulainisha choo. La 4 halirudishwi ndani na poda wala kidonge chochote, cha Kihindi, cha Kizungu au cha kwetu.

Si kila damu ya chooni ni bawasiri. Mpasuko wa njia ya haja kubwa huleta maumivu makali ya kukatwa wakati wa choo, yanayoweza kudumu saa nzima baadaye. Fistula hutoa usaha. Vinyama vya virusi vinavyoambukizwa kwa ngono huonekana kama bawasiri kwa asiyejua. Saratani ya utumbo mpana nayo huweza kuanza na damu kidogo isiyouma. Kwa hiyo usianze na dawa yoyote ya duka ikiwa una mojawapo ya haya, nenda ukapimwe:

- choo cheusi tii, chenye kunata na kunuka vibaya, kwa kuwa hiyo huwa ni damu iliyotoka juu, tumboni;
- damu iliyochanganyika na choo au iliyo na kamasi;
- choo kilichobadilika tabia kwa wiki kadhaa bila sababu: kimekuwa chembamba, au unaharisha na kufunga kwa zamu;
- kupungua uzito, homa, kutapika, au tumbo kuvimba bila kutoa hewa;
- uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, viganja na kope kupauka;
- damu kwa mara ya kwanza ukiwa na umri wa miaka 40 na zaidi, au katika ukoo wenu yupo aliyewahi kuugua saratani ya utumbo;
- damu kwa mtoto, kwa sababu bawasiri si ugonjwa wa kawaida kwa watoto.

Daktari akichunguza kwa kidole chenye glavu na kwa kifaa kifupi cha kuangalia ndani, kazi hiyo huchukua dakika chache. Ameona wagonjwa wa namna hiyo wengi kabla yako. Dakika hizo chache za aibu ndizo zitakazokuambia kama una haki ya kujitibu nyumbani.

Ayurveda yenyewe inasemaje

Ayurveda ni elimu ya tiba ya India yenye vitabu vya kale, viwili mashuhuri vikiwa Charaka Samhita na Sushruta Samhita. Bawasiri humo huitwa arsha, na huhusishwa na udhaifu wa agni, yaani moto wa kusaga chakula. Ndiyo maana tabibu wa Ayurveda, anayeitwa vaidya, huuliza habari za chakula, usingizi na choo kabla ya kutaja dawa. India leo anayesomea fani hii huchukua shahada ya miaka 5 na nusu, mwaka wa mwisho ukiwa wa mazoezi hospitalini, na tangu 2014 iko wizara nzima inayosimamia tiba za asili.

Sushruta aliweka njia 4 za kutibu arsha: dawa, kshara ambayo ni dawa ya kuchoma inayotokana na majivu ya mimea, moto, na kisu. Dawa za kunywa aliziwekea ugonjwa mchanga usio na matatizo mengi. Ugonjwa uliokomaa aliupeleka kwenye njia zile nyingine. Basi muuzaji anayekuambia kwamba vidonge vyake vinaondoa bawasiri ya kila daraja, bila kukugusa wala kukuuliza, hafuati hata Ayurveda anayoitangaza.

Anza na chakula, maji na namna ya kujisaidia

Hapa ndipo penye nguvu ya tiba nzima. Lengo ni choo laini kinachotoka bila kukamua. Mtu mzima anahitaji kiasi cha gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hukaribia nusu ya kiasi hicho. Ongeza kunde, choroko, mchicha, kisamvu, bamia, papai, mapera na maembe. Kula ugali wa dona au wa mtama badala ya sembe nyeupe. Usiruke kutoka sifuri hadi kikombe kikubwa cha maharage kwa siku moja. Ongeza kidogokidogo kwa wiki mbili, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha.

Kunywa maji ya kutosha mpaka mkojo uwe mweupe au wa manjano hafifu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kipimo cha maji na daktari wake afuate kipimo hicho.

Ukipata haja, nenda papo hapo, usiizuie mpaka ufike nyumbani. Chooni usikae zaidi ya dakika 5, na simu iache nje. Kama choo chako ni cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Baada ya choo safisha kwa maji na ukaushe taratibu. Ikiwa panauma, kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Usitie dawa ya kuulia vijidudu, siki, wala majani usiyoyajua. Ngozi ya hapo ni laini na huungua haraka.

Dawa ambazo unaweza kuanza nazo

Isabgol. Hii ni ganda la mbegu ya mmea unaolimwa sana Gujarat na Rajasthan, na maduka mengi ya viungo huiuza kwa jina hilohilo. Ikiwa utachagua kitu kimoja tu katika orodha hii, chagua hiki. Majaribio 7 yaliyohusisha wagonjwa 378 wa bawasiri, yaliyokusanywa na kuchambuliwa pamoja, yalionyesha kwamba dawa za nyuzinyuzi kama hii hupunguza damu kwa takriban nusu.

Namna ya kuitumia ndiyo inayowashinda wengi. Chukua glasi ya mililita 250 za maji, tia kijiko kimoja cha chai cha isabgol, koroga mara moja na unywe hapohapo. Ukiiacha imesimama dakika chache, maji yote yatageuka ute mzito kama wa bamia, na kuumeza inakuwa shida. Huo ute ndio unaofanya kazi: ndani ya utumbo hushika maji na kukifanya choo kiwe kikubwa na laini. Kwa sababu hiyohiyo, kunywa glasi nyingine ya maji baada yake. Aliyemeza isabgol kavu au kwa maji kidogo anaweza kukabwa koo au kuzibwa utumbo. Anza na mara moja kwa siku, baada ya wiki ongeza iwe mara mbili. Usinywe ukiwa unaelekea kulala. Ipe siku 2 hadi 3 ndipo uone matokeo. Mwenye shida ya kumeza, au ambaye tumbo limevimba na hatoi hewa, asiiguse.

Triphala. Ni poda ya matunda matatu yaliyokaushwa, haritaki, bibhitaki na amla, kwa viwango sawa. Hulainisha choo taratibu. Anza na nusu kijiko cha chai kwa maji ya uvuguvugu usiku. Ikikuharisha, punguza au acha. Mwenye kisukari anayetumia dawa apime sukari mara kwa mara, kwa maana poda hii inaweza kuishusha.

Mtindi mwepesi. Vitabu vya Ayurveda husifu mtindi uliotolewa siagi kwa wagonjwa wa arsha. Koroga mtindi na maji kiasi sawa, tia jira iliyokaangwa na kusagwa, chumvi chembe tu, unywe pamoja na chakula cha mchana. Ni kinywaji kizuri kwa tumbo zito, si dawa ya kusimamisha damu. Hakikisha maziwa yake yalichemshwa au yametoka kiwandani, kwa kuwa maziwa mabichi huleta maradhi ya brusela.

Viungo vya gesi. Jira, ajwain, shamari, tangawizi na mvuje vimetumika tangu zamani kwa tumbo kujaa, huko India na hapa pwani. Kijiko cha chai cha jira au shamari kwenye kikombe cha maji ya moto baada ya kula kinamtosha mtu mzima. Mwenye kiungulia aende polepole na tangawizi na pilipili manga, maana humwongezea moto. Poda za dukani kama hingvashtak na lavan bhaskar zina chumvi nyingi, hasa ile ya pili. Mwenye shinikizo la damu azikwepe.

Sanamaki. Majani haya yanafanya kazi kwelikweli, na dawa inayotokana nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Husukuma utumbo ndani ya saa 6 hadi 12. Itumie kwa siku chache tu choo kikigoma, isizidi wiki moja bila ushauri. Aliyezoea kuinywa kila usiku hupoteza maji na potasiamu, na baadaye hapati choo bila hiyo. Poda nyingi za Kihindi za kusafisha tumbo zimejengwa juu ya jani hili. Kwenye kopo tafuta majina sonamukhi, swarnapatri au senna. Ukiyaona, jua unatumia dawa ya siku chache, hata kama kopo linasema ni ya kila siku.

Soma kopo kabla ya kulipa

Dawa za Ayurveda zina maumbo yake, na umbo hukuonya. Churna ni poda ya mimea. Vati na guggulu ni vidonge. Kwatha ni dawa ya kuchemsha. Avaleha ni dawa ya kulamba yenye sukari au asali nyingi, isiyomfaa mwenye kisukari. Asava na arishta ni dawa zilizochachushwa, kwa hiyo zina kilevi kinachozalika ndani yake. Mojawapo ni abhayarishta, inayouzwa sana kwa bawasiri na kufunga choo. Mwislamu anayejiepusha na kilevi, mama mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini na anayetumia vidonge vya metronidazole, wote wajue hilo kabla ya kununua.

Kundi la kuogopa zaidi ni la rasa shastra, tawi la Ayurveda linalochanganya mimea na madini kwa makusudi. Wafuasi wake huamini kwamba madini yakichomwa na kusagwa kwa taratibu maalumu huacha kuwa sumu. Damu ya wagonjwa imeonyesha vingine. Mwaka 2004 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya Boston, Marekani, zote zikiwa zimetengenezwa Asia ya Kusini, na wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walipima dawa 193 zilizouzwa kwa intaneti. Karibu moja katika kila 5 ilikuwa na metali hizo. Za rasa shastra zilifika asilimia 40.6, lakini hata zile zisizokuwa za kundi hilo zilikuwa asilimia 17.1. Baadhi zilitengenezwa Marekani kwenyewe.

Kwa mwenye shida ya tumbo, madhara ya risasi ni mtego mbaya. Risasi ikijaa mwilini huleta tumbo kukaza kwa maumivu, kufunga choo, uchovu na upungufu wa damu. Mgonjwa akiona choo kimezidi kugoma huongeza dozi ya dawa ileile inayomdhuru. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwa mjamzito hupita mpaka kwa mtoto. Ikiwa umetumia dawa za madini kwa wiki nyingi na dalili hizi zimeanza, acha dawa, chukua kopo lake uende nalo hospitali, uombe kupimwa risasi kwenye damu.

Geuza kopo usome upande wenye herufi ndogo. Jina la dawa likiishia na ras, rasa, parpati au sindoor, chukulia kwamba ina zebaki. Arshakuthar ras, inayouzwa mahususi kwa bawasiri, ni mfano wake. Katika orodha ya viambato, parada na kajjali ni zebaki. Naga ni risasi. Hartal na manashila ni madini ya aseniki. Angalia herufi kwa makini: hing ni mvuje wa jikoni, lakini hingul ni madini ya zebaki. Vatsanabha ni mmea wenye sumu ya moyo. Bhallataka, inayotumika kwenye dawa za bawasiri, inaweza kutoa malengelenge mwilini. Jatiphaladi churna, ya kuzuia kuharisha, katika utaratibu wake wa asili ina bangi, na unajua sheria zetu zinasemaje kuhusu bangi. Neno shuddha mbele ya jina lina maana kwamba kitu kimesafishwa kwa utaratibu wa Ayurveda, lisikuondolee shaka.

Si kila bhasma, yaani majivu ya madini au kombe yaliyochomwa, ni sumu kwa kiwango kimoja. Shankha bhasma hutokana na kombe la baharini na kwa sehemu kubwa ni kalisi, na loha bhasma ni chuma. Hata hivyo huwezi kujua kwa macho kiwanda kilichanganya nini, na kwa bawasiri na gesi huna sababu ya kujaribu bahati yako wakati isabgol na jira zipo.

Mafuta ya kupaka nayo yasomwe. Jatyadi taila, inayopakwa kwenye mipasuko na vidonda, ina sulfeti ya shaba. Ni ya nje tu; isinywewe wala isipakwe kwenye kidonda kikubwa.

Dawa unazomeza tayari

Mwambie mfamasia kila unachotumia, na umwambie kwa majina. Haya ndiyo ya kuangalia kwanza:

Dawa zote za kumeza: zitenganishe na isabgol kwa saa 2 au zaidi, kwa sababu ute wake huzuia dawa kuingia mwilini.

Dolutegravir, iliyomo kwenye ARV zinazotumiwa na wengi Afrika Mashariki: kalisi, chuma na magnesiamu huishika isifyonzwe. Shankha bhasma, loha bhasma na dawa nyingi za kupunguza asidi zina madini hayo. Meza dolutegravir saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake, na uwaulize wahudumu wa kliniki yako kabla ya kuanza chochote.

Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, na asprini: tangawizi na manjano kwa kiwango cha vidonge, na utomvu wa mti uitwao guggul, huweza kuongeza damu kutoka. Kwa mwenye bawasiri inayotoa damu hilo ni hatari mara mbili.

Dawa za shinikizo la damu na moyo: urukususi, mizizi mitamu ambayo Wahindi huiita mulethi, hupandisha shinikizo na kushusha potasiamu. Pamoja na dawa za kukojoza au digoxin, huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Sanamaki inayotumika muda mrefu hufanya hivyo pia.

Dawa za kifafa na kifua kikuu: mchanganyiko uitwao trikatu, wa pilipili manga, pilipili ndefu na tangawizi, hubadilisha kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu, phenytoin na rifampicin zikiwemo.

Ini nalo lina haki yake. Vidonge vya manjano vyenye pilipili manga ndani yake vimehusishwa na kuumia kwa ini, na mwaka 2021 madaktari wa Mumbai waliripoti wagonjwa waliopata homa ya ini baada ya kutumia mmea wa dawa uitwao giloy. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi na mwili ukawasha, acha kila dawa ya mimea na uende hospitali siku hiyohiyo.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto

Bawasiri huwapata wajawazito wengi, hasa miezi mitatu ya mwisho. Mama mjamzito ana njia zilizo salama: chakula chenye nyuzinyuzi, maji, isabgol, na kukaa kwenye maji ya uvuguvugu. Aache shubiri, mafuta ya mbarika, guggul, dawa zilizochachushwa na kila aina ya bhasma. Triphala na sanamaki asitumie mpaka aulize kliniki. Anayenyonyesha afuate tahadhari hiyohiyo.

Mvuje wa kutuliza tumbo la mtoto mchanga ni mazoea ya nyumba nyingi, na wanaompa humpa kwa mapenzi. Tafadhali usimpe mtoto mchanga aurambe au aunywe. Umewahi kusababisha damu ya mtoto kushindwa kubeba oksijeni, mtoto akageuka rangi ya bluu. Mtoto mwenye msokoto wa tumbo mbebe wima, mcheulishe baada ya kunyonya, na akiwa na homa au anatapika mpeleke kituo cha afya.

Kununua na kuchagua tabibu

Nunua dawa iliyosajiliwa. Tanzania Bara dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na waganga husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya 2002. Zanzibar ina Wakala wa Chakula na Dawa. Kenya kazi hiyo ni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Tafuta namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya kwisha muda, jina na anwani ya kiwanda. Poda iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni bila maandishi usiinunue, hata muuzaji akiwa jirani yako.

Dawa inayoondoa maumivu kwa kasi ya ajabu itilie shaka. Wadhibiti katika nchi mbalimbali wamewahi kukuta dawa za mitishamba zimetiwa steroidi au dawa kali za maumivu kwa siri. Hizo huchoma tumbo, hupandisha sukari na shinikizo, na mgonjwa hajui chanzo.

Usimruhusu mtu yeyote akupake au akudunge kitu cha kuchoma kinyama nyumbani au dukani. Kshara na uzi wake wa kutibu fistula ni kazi ya tabibu aliyesomea upasuaji, katika hospitali yenye vifaa safi. Ikifanywa ovyo huacha kidonda, usaha na njia ya haja iliyosinyaa, au choo kisichozuilika maisha yote.

Jiwekee muda

Ukishapimwa na kuambiwa ni bawasiri ya daraja la chini, anza na chakula, maji na isabgol. Ongeza dawa moja tu kwa wakati, ukae nayo wiki moja ndipo ufikirie nyingine. Ukianza tatu kwa pamoja na mwili ukakataa, hutajua ni ipi. Andika kwenye daftari jina la dawa, kipimo, siku uliyoanza, na hali ya choo na damu. Damu isipopungua ndani ya wiki mbili, au shida ikibaki baada ya wiki sita, rudi kwa daktari na daftari hilo. Omba pia upimwe wingi wa damu, kwa kuwa damu kidogo ya kila siku humfikisha mtu kwenye upungufu mkubwa bila kujijua.

Tumbo linalouma juu, karibu na chembe ya moyo, nalo lina ukomo wake. Usimeze poda miezi mingi ukijiambia ni gesi. Omba kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, kinachofanywa kwa choo au kwa pumzi. Akipatikana hutibiwa kwa antibiotiki kwa wiki mbili hivi. Na uangalie vidonge vya maumivu unavyomeza, kama diklofenaki, kwa sababu huchimba vidonda hivyohivyo.

Hospitalini si lazima kisu. Bawasiri ya ndani ya daraja la 2 na la 3 mara nyingi hufungwa kwa mpira mdogo unaokata damu yake mpaka ianguke yenyewe ndani ya siku kadhaa, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Upasuaji hubaki kwa waliozidiwa.

Ndugu msomaji, kama umekuwa ukivuja damu na kunyamaza, wiki hii mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha nendeni pamoja mkapime. Beba mkononi kila kopo la dawa unayotumia. Ukitoka huko ukijua una nini, isabgol na jira vitakufaa zaidi kuliko kopo lolote la bei ghali ambalo hujui ndani yake kuna nini.